Kozi ya Kiingereza cha hoteli mjini Unguja: laki na nusu, feni mbovu na neno "set"

Jamani naomba niandike hii rivyuu mara moja tu niishie hapo, maana toka nimerudi kazini kila weita anayekutana na mimi swali ni hilohilo, eti ile kozi ya mjini inafaa au wanakula hela tu. Jina la hicho chuo sitaji. Bado nawadai cheti, wakinisusa nitampelekea bosi nini.

Mi ni weita, hoteli moja ya huku Nungwi, kwetu Pangani. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, cha menyu na cha "welcome, this way please", na nilikuwa najiona niko vizuri tu mpaka ile jioni ya meza namba 6. Wamarekani wanne, wamemaliza samaki, nikasogea nikawauliza kama kuna kingine wanataka. Yule mama akatabasamu vizuri kabisa akanijibu "we're all set, thank you". Sasa mimi "set" naijua, nani haijui, seti ya masufuria, seti ya sofa, seti ya vikombe vile vya kwenye kabati ambavyo mama hatoi mpaka aje mgeni. Na "all" ni wote. Kwahiyo kichwani mwangu hesabu ikaja haraka sana, wote wanataka seti. Nikaenda nikaleta uma, visu, vijiko vya supu na vile vidogo vya kitindamlo, seti 4 kamili na vitambaa nimekunja upya kama maua, nikawapangia mezani taratibu wakiniangalia. Yule baba akauliza kwani kuna kitu kingine kinakuja, nikamjibu yes, kwasababu tulifundishwa mgeni akiuliza kwa furaha hivyo jibu ni yes. Wakakaa. Wakangoja kweli, watu wastaarabu wale, kama dakika 20, mpaka supavaiza akanifuata kaunta kuniuliza meza 6 wanasubiri nini na mimi ndo nikawa namuuliza yeye.

Kumbe Mmarekani akikwambia yuko "all set" pale mezani maana yake ametosheka, hataki kitu, lete bili. Mwingereza akilisema hilohilo mara nyingi anamaanisha tuko tayari, twende. Hakuna hata mmoja kati yao anayetaka kijiko.

Basi masika ilipoingia, wageni wamepungua, hoteli imefunga nusu ya vyumba na sisi tumepewa likizo ya lazima, nikasema bora niende shule kuliko kukaa geto nahesabu matone. Nikapiga simu nikaambiwa laki na nusu kwa wiki 4, siku 3 kwa wiki, saa 8 mchana mpaka saa 10, darasa lina watu 12 tu ili mwalimu amfikie kila mtu, na kamusi juu yao. Nikafika. Kwanza fomu elfu 5, hiyo kwenye simu haikusemwa. Pili darasa tulikuwa 27, nilihesabu mwenyewe siku ya kwanza na siku ya pili wakaongezeka wawili. Chumba cha juu ghorofani, bati liko karibu na kichwa, feni moja ambayo inazunguka ila haipulizi, sijui inafanyaje lakini ndo hivyo, na mvua ikipiga bati hamsikii kitu mnabaki kumuangalia mwalimu mdomo kama watu wanaoangalia tivii iliyozimwa sauti. Choo kiko chini na ufunguo uko kwa jirani.

Na kamusi sasa. Kamusi ni ya kutoa kopi, imefungwa na ule waya wa plastiki wa stationari, wino umefifia, na kama walikuwa na haraka siku wanaitoa maana kurasa nyingine zimeruka. Mi kitu cha kwanza nilichotafuta, mnaweza kukisia, ni "set". Nikafungua S, nikafika "service", nageuza ukurasa nakuta "seventeen". Yaani neno moja nililovukia nalo mvua kutoka Nungwi, gari imejaa, nimekalia ndoo ya mtu, ndo halipo. Nilitaka kulia au kucheka, sikumbuki nilianza na ipi.

Waalimu wako wawili na hapa msikilize vizuri kwasababu hapa ndo laki na nusu yako inaenda au inapotea. Kuna kijana wa jioni, anatumia projekta, anavaa vizuri, anakupa maneno 10 ukariri kesho anakuuliza, anakuonyesha video za kutamka. Sio mbaya ila yale ukiwa na bando unayapata nyumbani. Halafu kuna wa mchana, mzee mmoja wa Kipemba, alifundisha sekondari miaka na miaka kastaafu, anaandika kwa chaki na hana haraka na mtu. Mi nilikuwa wa mchana, kwa bahati tu.

Siku ya tatu nikanyoosha mkono, nikasema mwalimu shikamoo, kamusi yangu haina "set". Akaitika marahaba mwanangu, akaichukua akaigeuza akatikisa kichwa, halafu akaniuliza unaitakia nini. Nikaeleza habari ya meza 6, darasa zima likacheka mpaka jirani mwenye ufunguo akaja kuchungulia. Mzee hakucheka sana. Akaweka pembeni somo alilokuja nalo, lilikuwa la kupokea simu mapokezi, akasema leo tutashinda na hilo neno la huyu binti kwasababu hata wenyewe Waingereza limewashinda. Akatuambia ile kamusi yao kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, lile la juzuu 20, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa hilihili la herufi tatu, maana zaidi ya 430, maelezo yake yanafika maneno kama elfu 60. Sio kitabu kizima, neno moja! Baadae walipokuja kuipitia upya ndo "run" ikaipita, hiyo kitenzi chake peke yake wamehesabu maana 645. Mwenzetu mmoja nyuma akasema kwa sauti "basi turudishiwe hela", maana kama neno moja tu lina vyumba vyote hivyo sisi wiki 4 tutafika wapi.

Mzee akagawa chaki, akataka kila mtu aje aandike ubaoni "set" aliyowahi kukutana nayo kazini kwake, na pembeni aweke Kiswahili chake. Hii niliipenda sana kwasababu darasa lilikuwa la watu wa kazi kwelikweli. Mpishi akaja akaandika jeli, "the jelly hasn't set", Kiswahili bado haijaganda. Fundi mmoja anayejenga bangaloo huko Paje akaandika zege, zege limeshika. Nahodha wa boti za kupeleka wageni kuangalia machweo akaandika tanga, kutweka tanga. Dada wa mapokezi akaandika saa ya kumuamsha mgeni, kutegesha alamu, na chini yake mtego wa panya, kutega. Mtu wa usafi vyumbani, mpole hata jina lake nilikuwa silijui, akaandika kuandaa meza, halafu akarudi tena akaandika kutia moto. Kijana mwingine ambaye baba yake ni sonara Darajani akaandika jiwe kwenye pete, kupachika kito. Mimi nikaandika mtihani, kutunga mtihani, kwasababu ndo kitu nilichokuwa naogopa. Mwingine kuunga mfupa, mwingine kupanga bei, mwingine kuweka rekodi. Na jua. Ubao ukajaa.

Halafu akatuuliza mnaona nini. Upande wa Kiingereza neno ni moja kutoka juu mpaka chini, upande wa Kiswahili ukiacha tega na tegesha hakuna kitenzi kilichojirudia. Ganda, shika, tweka, tega, andaa, tia, pachika, tunga, unga, panga, weka. Mpishi akasema basi Kiswahili ndo tajiri. Mzee akamwambia usijisifu, we jana ulikula nini, akasema ugali, akamuuliza na mwaka jana kwenye biashara yako ya kuku ulikula nini, akasema hasara, na yule mbunge anakula nini bungeni siku ya kwanza, kiapo, na wezi wanakula nini kabla hawajaiba, njama. Mpishi akakaa chini.

Sasa hapa ndo pesa yangu ilirudi. Akafuta kona moja ya ubao akaandika "sit" na "set" zimekaa jirani. Akasema hili neno msiliogope kwa wingi wa maana zake, liulizeni kwao. Kwao ni "sit". Akaandika Kiswahili, kuketi na kuketisha, kukaa na kukalisha. Basi. "Set" ni kuketisha. Zamani sana Kiingereza kilikuwa na tabia kama yetu ya kumfanya mtu atende, sisi tunaongeza -sha au -za mwishoni, wao walikuwa wanageuza sauti ya katikati, halafu ile tabia ikafa ikaacha mabaki machache tu ambayo leo wanafunzi tunayakariri kama maneno mageni. Akaandika mengine chini yake: "lie" kulala, "lay" kulaza. "Fall" kuanguka, "fell" kuangusha mti. Halafu akaniangalia mimi, nilikuwa nimelowa chapachapa toka stendi, kanga imeganda mwilini, akaandika "drink" kunywa, na "drench" ambayo ndo hivi mvua ilivyokufanya, asili yake ni kunywesha. Yaani kulowa mpaka nguo zimenyweshwa. Mi nilikaa pale nikisikia baridi na raha kwa pamoja.

Kuna mwenzetu anatembeza Wajerumani, mwenyewe anasema alianza kama papasi, wale wa kuwafuata watalii mtaani, pale Forodhani kabla hajapata leseni, akaruka kwenye kiti, mwalimu mwalimu, Wajerumani wanasema hivyohivyo, "setz dich", keti! Mzee akasema ndio, ni ndugu hao, baba mmoja.

Ukishaelewa kuketisha basi ule ubao wote unausoma upya. Jeli imeketi, haichezi tena. Jiwe limeketi kwenye pete. Mfupa uliochomoka umeketishwa mahali pake. Bei imeketishwa, huigusi. Meza kila kitu kimeketi kwenye nafasi yake, uma kushoto kisu kulia. Na sisi wenyewe si ndo tunasema hivyohivyo mitaani, nguo imemkaa, rangi imekaa vizuri, hiyo ishu imekaaje, mchongo haujakaa sawa. Nimekaa nayo hiyo siku nyingi, kwamba kumbe "kaa" yetu inafanya nusu ya kazi ya "set" na sijawahi kuilipia ada.

Mi nikauliza na jua je, jua linaketi wapi. Mzee akaturudishia sisi swali, kwenu jua likiondoka mnasemaje. Wengi wakasema linazama. Wengine linakuchwa. Mi kwa kuwa baba yangu ni mvuvi na ndivyo alivyokuwa anasema akirudi, nikasema linatua. Akanisogelea na chaki, haya binti wa Pangani, na mzigo wa kuni ukiuteremsha kichwani? Nautua. Na ndege ikifika uwanjani? Inatua. Na mtu alikuwa na wasiwasi umeisha? Ametulia. Na pale uliposhuka na gari ya Nungwi? Kituoni. Akasema sasa nyinyi mnataka nini tena, hayo yote ni mbegu moja, tua, na mnayatumia toka utotoni bila kamusi. Jamani mi nimeongea Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba kituo cha daladala, jua la magharibi na moyo uliotulia ni watoto wa mama mmoja. Kwenye kozi ya KIINGEREZA ndo nikaambiwa.

Halafu kuhusu aibu yangu ya meza 6, maana sikutaka kuondoka bila jibu la ile. Nikasema mwalimu, kuketisha nimeelewa, sasa seti ya vikombe imeketishwa wapi. Akacheka, ndo mara ya kwanza namuona anacheka, akasema hapo ulipojikwaa ni penye mshono. Kumbe ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. Ile ya kuketisha ni ya Kiingereza chao cha zamani. Ile ya kundi la vitu ilipitia Ufaransa, kwa mbali inatoka kwenye Kilatini "secta", kundi la watu wanaomfuata mtu, ukoo mmoja na lile neno lao la madhehebu. Yakafanana sauti, yakazoeana, leo yameandikwa sawa na wenyewe wengi hawajui. Sisi Waswahili tulipokopa tukakopa hilo la kundi tukaliita seti, ndo likatujaa kichwani, seti ya sofa, seti ya voliboli ile ya pointi 25. Kwahiyo yule mama aliongea la kuketisha, kwamba sisi tumeshaketi sawa, kila kitu kimekaa, na mimi nikasikia la vikombe. Hata "set menu" niliyoitumikia miaka miwili nilikuwa najua ni menyu ya seti, vyakula vingi kwa pamoja, kumbe ni menyu iliyoketishwa, imeshapangwa huchagui.

Ila na kitenzi tumekichukua pia kwa mlango wa nyuma, hii ni ya kwangu sio ya mwalimu. Kuseti simu, kuseti dishi, kuseti nywele saluni, na ile ya mtaani wamemseti, yaani wametega akaingia. Hiyo ya mwisho kwa Kiingereza inataka mkia, "set up", bila mkia hawaelewi.

Na mikia ndo tatizo kubwa kwa kweli, hapa kozi ilinipungukia. Tulikuwa na siku moja tu ya mikia na nusu yake mvua ilipiga bati. Mzee alisema mkia ukiingia usimuangalie ng'ombe, angalia mkia unaelekea wapi. "Set aside" ni kutenga. "Set back" kurudisha nyuma, lakini mgeni akikuuliza ile ziara ya kisiwa cha Mnemba "itamset back" kiasi gani anauliza bei tu, hajakataa. "The rain has set in" ndo masika yenyewe, mvua imeshika haiondoki leo. "Set off" ni kuondoka safari, na hiyohiyo ni kulipua fataki, na hiyohiyo ni kuliza king'ora, ukimuuliza mzee kwanini mtu aliyeketishwa anaondoka anakujibu kwamba umeketishwa njiani. Sikuridhika. Bado sijaridhika. "Upset" tulielewa vizuri, kitu kilikuwa kimeketi ukakipindua, ndo maana kuna tumbo "upset" na kuna mgeni "upset", wote wawili usiwapelekee bili kwanza.

Kabla sijasahau, siku hiyo ya jua nilijifunza na lingine kwa kujiaibisha tena. Mzee alinitaka nijibu kama mgeni ameniuliza "what time does the sun set", nikajibu kwa kujiamini "twelve". Saa 12, si ndo inavyotua? Akaniambia hapo umempeleka mgeni ufukweni usiku wa manane na kamera. Tangu siku hiyo nikiulizwa nanyoosha kidole kwanza, naonyesha jua lilipo, nahesabu, ndo nasema "six, six thirty". Na kwa wenzangu wa Paje na Jambiani, msiwaahidi wageni machweo ya baharini, nyinyi mko mashariki, kwenu jua linatoka majini linatua minazini. Huku Nungwi ndo tunaliona likizama majini, na wageni wanalipa boti kwa ajili ya hiyo robo saa.

Mengine ya kozi nipite haraka. Somo la simu za mapokezi halikurudi tena, lile aliloahirisha kwa ajili yangu, dada wa mapokezi alininunia wiki nzima na ana haki ya kuombwa radhi hapa hapa. Mtihani wa mwisho ulitungwa na yule kijana wa jioni, maswali 40 ya kuchagua, hata moja halikugusa tulichosoma mchana, nikapata 31. Kitabu cha mazoezi unalipia elfu 10 na ni kopi vilevile. Cheti walisema wiki moja, sasa miezi mitatu nangoja, naambiwa mtu wa muhuri amesafiri. Kuhusu watu 29 kwenye chumba cha watu 12 nilimuuliza mhasibu akanijibu wengine huwa wanaacha. Kweli, wiki ya mwisho tulibaki 14. Kwahiyo hakudanganya, alikuwa anahesabu mbele.

Nyota kama lazima nitoe, jengo na huduma moja na nusu, mwalimu wa mchana tano na ningeongeza. Ukipewa jioni omba kubadilishiwa, usikubali kuambiwa yote sawa. Kamusi waachie, nunua mtumba ile yenye jalada gumu, na kabla hujalipa fungua S uangalie kama "set" ipo.

Juzi wageni wameanza kurudi. Meza ileile, wazee wawili mume na mke, wameshika mikono, wamemaliza pweza. Nikasogea nikauliza kama wanahitaji kingine, bibi akasema "no dear, we're all set". Nikasema thank you, nikatoa sahani, uma, visu, kila kitu, nikaacha meza nyeupe kabisa. Nimefika jikoni nakuta shefu ananisubiri na vile vijiko vidogo mkononi, ananiuliza mbona umetoa kila kitu, hawa wawili si wamelipia set menu, kitindamlo bado.

Ikabidi nirudi na vijiko.